Kurekodi Muziki Bila Kuona Skrini

Kwa miaka mingi hapa Tanzania taarifa ya habari ya redio ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Mzee huyu hakuwa anaona, na bado alipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, kila ngoma na sauti yake. Nchi nzima ilimsikia. Mitambo ya kurekodi, hata hivyo, ilikuwa mikononi mwa watu wengine, na hakuna aliyeshangaa: asiyeona apige, anayeona arekodi.

Mazoea hayo tumeyakuta hata kwetu. Kwaya yetu iliporekodi nyimbo zake, alikuja kutusaidia kijana mmoja asiyeona, mpiga kinanda wa parokia ya jirani. Kazi ilipokwisha akamwuliza fundi wa studio kama naye angeweza kujifunza kuhariri sauti: kukata, kuunganisha, kupunguza hapa na kuongeza pale. Fundi akamjibu kwa upole kuwa kazi hiyo ni ya macho, kwa sababu kila kitu kimo kwenye skrini. Kijana akashukuru, akachukua fimbo yake nyeupe, akaenda zake. Sisi tuliokuwepo hatukusema neno, maana tuliamini hivyohivyo. Baadaye, tulipoanza kusoma na kuulizauliza, tuligundua kuwa jibu lile halikuwa la kweli. Makala hii ndiyo jibu alilostahili kupewa siku ile.

Kompyuta inaposoma kwa sauti

Mtu asiyeona hatumii kipanya. Anatumia kibodi, na anasikiliza programu inayomtamkia kilichopo mbele yake. Programu ya namna hiyo huitwa kisoma-skrini. Kimoja cha zamani na chenye jina ni JAWS, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Ni kizuri, lakini bei yake ni kubwa kwa mifuko ya kwetu. Kingine ni NVDA, kilichoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni, na programu yao hutolewa bure. Kompyuta za Mac zimekuja na VoiceOver ndani yake tangu mwaka 2005, na simu za iPhone tangu mwaka 2009.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Kisoma-skrini hakina macho. Hakiitazami skrini na kuisoma kama sisi tunavyosoma gazeti. Kinachofanya ni kuuliza: hapa mtumiaji alipofika pana nini? Mfumo wa kompyuta hujibu kwa mambo matatu: jina, aina na hali. Kwa mfano: "Rekodi, kitufe, kimebonyezwa." Mtengenezaji wa programu akitumia vitufe vya kawaida vya mfumo, jibu hilo hupatikana bila yeye kuhangaika sana. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa programu za muziki hawapendi vitufe vya kawaida. Wanapenda kuchora vyao: vya rangi ya chuma, vyenye taa, vinavyofanana na vile vya mashine kubwa za studio za zamani. Jicho linafurahi. Lakini nyuma ya mchoro hakuna jina lililoandikwa, kwa hiyo kisoma-skrini kinapouliza hapa pana nini, hujibiwa "kitufe, kitufe, kitufe", au hakijibiwi kabisa.

Ni sawa na kuingia duka la dawa ambalo chupa zote zimebanduliwa lebo. Dawa zipo, tena nzima, lakini nani atathubutu kumeza?

Tulitaka kulijua jambo hili kwa mikono yetu, si kwa kusoma tu. Jioni moja tukachukua kompyuta ya maktaba, tukaweka NVDA na programu ya kurekodi ya Audacity, ambayo nayo ni ya bure, kisha tukazima skrini. Mwanzo ulitushangaza. Herufi R inaanza kurekodi, kile kitufe kirefu cha nafasi kinasimamisha, mishale inatembeza, na kila hatua inatamkwa. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumerekodi ubeti mmoja na kufuta kikohozi kilichokuwa mwanzoni. Kisha tukafungua programu ndogo ya nyongeza ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, moja ya zile ambazo mafundi huziita plagini, yenye sura ya kupendeza sana skrini ikiwa inawaka. Kimya. Tulibonyeza Tab mpaka tukachoka. Tulikuwa tumefika kwenye chupa zisizo na lebo.

Mambo mengine mawili yalitokea ambayo hatukuyatarajia. La kwanza, tuliposikiliza ule ubeti, katikati yake ilisikika sauti ya roboti ikitangaza jina la kitufe, kwa sababu sauti ya NVDA ilitoka kwenye spika ikaingia kwenye maikrofoni pamoja na wimbo. La pili lilituchekesha kidogo. NVDA ina sauti ya Kiswahili, inayotoka kwenye programu ya eSpeak, lakini menyu za Audacity tulizokuwa nazo ni za Kiingereza. Sauti ya Kiswahili hulisoma neno la Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili, basi "File" ikatamkwa kama fi-le, na "Save" kama sa-ve. Ndiyo sababu hata Mswahili aliyezoea kompyuta hulazimika kuweka sauti ya Kiingereza anapofanya kazi ya studio. Asiyekijua Kiingereza cha menyu ana kizingiti cha pili juu ya kile cha kwanza, na hiki cha pili hakizungumzwi sana.

Mlango uliofungwa na kufunguliwa

Mtu angedhani kwamba teknolojia ilianza ikiwa ngumu kwa wasioona, ikawa rahisi kadiri miaka ilivyopita. Kwa studio, mambo hayakwenda hivyo. Mashine za zamani zilikuwa za kushikwa. Kila kitufe cha kuzungusha kilikuwa na mahali pake pasipobadilika, na kidole kiliweza kujua kimezungushwa kiasi gani. Mashine ndogo ya Portastudio ya mwaka 1979, iliyorekodi sauti nne tofauti kwenye kaseti ya kawaida, mtu asiyeona aliweza kuiendesha yote kwa vidole. Hata kompyuta za kwanza hazikuwa mbaya, kwa sababu zilionyesha maandishi matupu. Programu ya Cakewalk ilipotoka mwaka 1987 ilikuwa ya DOS, na maandishi ya DOS yalisomeka.

Kisha zikaja skrini za picha. Kwenye kompyuta za Mac kulikuwa na kisoma-skrini kiitwacho outSPOKEN, kilichotoka mwaka 1989, na kwa msaada wake baadhi ya mafundi wasioona walijifunza Pro Tools, programu iliyokuja kuenea sana katika studio kubwa za Marekani na Ulaya. Waliishi kwa kazi hiyo. Mwaka 2001 Apple ikatoa mfumo mpya kabisa, Mac OS X, na outSPOKEN haikuvuka kuingia humo. Hebu fikiria hali ya mtu huyo. Ujuzi wake haukupungua hata kidogo, masikio yake yalikuwa yaleyale, lakini wateja wake walihamia mfumo ambao kwake haukuwa na sauti. Wengine walibaki na kompyuta za zamani kadiri zilivyodumu. VoiceOver ilipokuja mwaka 2005 iliisoma Mac yenyewe, lakini haikuisoma Pro Tools, kwa sababu ile tuliyoieleza: madirisha yake yalikuwa ya kuchorwa.

Wasioona hawakukaa kungoja huruma. Waliiandikia kampuni, wakakusanya saini, wakaomba kukutana na watengenezaji ana kwa ana. Mmoja wa waliosimama mbele ni Slau Halatyn, prodyuza asiyeona mwenye studio yake New York. Mazungumzo yalichukua miaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Pro Tools ilianza tena kusomeka, safari hii kwa VoiceOver. Halafu watumiaji wenyewe, akiwemo Chi Kim, mwalimu asiyeona katika chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, wakaiongezea Flo Tools, mkusanyo wa njia za mkato unaofanya mambo ambayo kwa kibodi pekee yangechukua hatua nyingi.

Tunaitaja historia hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo fundi wetu hakulijua: mtu anaweza kunyimwa kazi na toleo jipya la programu, bila mtu yeyote kumfukuza. Na si mara moja. Upande wa Windows, kampuni ya Dancing Dots ya Bill McCann, ambaye ni mwanamuziki asiyeona, ilitengeneza CakeTalking, iliyoiwezesha JAWS kuisoma Sonar, mrithi wa ile Cakewalk ya zamani. Watu waliwekeza miaka ya kujifunza. Novemba 2017 Gibson, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Sonar wakati huo, ikatangaza kusimamisha uendelezaji wake. Mwaka uliofuata BandLab iliinunua na kuifufua, lakini kwa miezi ile katikati hakuna aliyejua kesho yake, na wengi wa wasioona walikuwa wamekwisha elekeza macho, tuseme masikio, upande mwingine.

REAPER na OSARA

Upande huo mwingine unaitwa REAPER. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, ambayo wasomaji wa umri fulani wataikumbuka kwenye kompyuta za miaka ya 2000. REAPER haikutengenezwa kwa ajili ya wasioona. Ila ina sifa moja ya thamani: watu wa nje wanaruhusiwa kuingia ndani yake na kuongeza uwezo, na karibu kila kazi inaweza kupewa kitufe chake cha kibodi. Mwaka 2014 James Teh, yule wa NVDA, alianza kuitumia nafasi hiyo kuandika OSARA, nyongeza ya bure inayosema kwa kisoma-skrini yale ambayo REAPER haiyasemi.

Kazi yake ni hivi. Ukishuka kwa mshale kwenda kwenye sauti nyingine, OSARA hutamka jina lake, kama imezimwa, au kama imewekwa tayari kurekodiwa. Ukisogea mbele, inakuambia uko kwenye mizani ya ngapi na pigo la ngapi. Kukata kunafanywa kwa herufi S. Unasikiliza, unasimamisha, unasogea nyuma kidogo sana, unasikiliza tena, mpaka ufike palepale mwimbaji anapovuta pumzi; hapo unakata. Anayeona huutazama mchoro wa mawimbi na kukata penye bonde. Tukubali kwamba njia yake ni ya haraka zaidi. Lakini tukubali pia kwamba sisi tunaoona huhariri kwa jicho kuliko tunavyopenda kusema, na mara nyingi tumekata mahali palipoonekana pazuri kumbe tumekata mkia wa neno.

Vipi kuhusu ule mstari wa taa za kijani na nyekundu unaoonyesha sauti imezidi? Sauti ya kidijitali ikigonga sifuri ya desibeli inakwaruza, na ukwaruzo huo hauondoki kirahisi. OSARA ina mlinzi wa vilele: unampa kiwango, naye anakuita sauti ikivuka. Unaweza pia kumwuliza wakati wowote kilele kilifika wapi, akakutajia namba. Kwa kweli namba ni sahihi kuliko taa.

Na zile plagini zilizotunyamazia? Hapa kuna ujanja ambao tuliupenda sana. Kila plagini, hata iwe na sura ya namna gani, huipa programu inayoibeba orodha ya vitu vyake vinavyoweza kubadilishwa, kila kimoja na jina na thamani yake, ili mabadiliko yaweze kurekodiwa na kurudiwa yenyewe wimbo unapopigwa. Orodha hiyo ipo muda wote nyuma ya picha. OSARA huichukua na kuiweka mbele ya mtumiaji kama orodha ya kawaida. Badala ya kutafuta kitufe cha fedha kilichochorwa kona ya kulia, unasikia jina lake, unapandisha kwa mshale, unasikia thamani mpya. Mtengenezaji akiwa mvivu, akaacha vitu vyake bila majina ya maana, hata njia hii inakwama. Lakini nyingi hupitika.

Gharama pia ni ya kuangalia. NVDA ni bure, OSARA ni bure. REAPER hujaribiwa kwa siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi mwenye kipato kidogo cha muziki, au ya shirika lisilotafuta faida, ni dola 60 za Marekani. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta isiyo na nguvu nyingi.

Tatizo la roboti aliyeimba katika ubeti wetu lina dawa rahisi, ambayo tuliipata kwa wenye uzoefu: tenganisha njia. Muziki upitie kile kifaa cha sauti cha studio, na sauti ya kisoma-skrini ipitie kadi ya sauti ya kompyuta yenyewe, kwenye kisikilizio kidogo cha sikio moja. Hii ni muhimu kwa sababu nyingine pia. Katika Windows, programu ya kurekodi inaweza kukishika kifaa cha sauti peke yake na kumfungia nje kila mwingine. Kisoma-skrini kikiwa kwenye kifaa hichohicho kitanyamaza ghafla, na mtumiaji atabaki na kompyuta inayofanya kazi asiyoweza kuisikia. Anayeona hawezi kujua limetokea nini, kwani skrini yake inaonekana salama kabisa.

Yapo mengine yanayoendelea ambayo tutayagusa tu. Native Instruments wana vinanda vya kompyuta ambavyo ukigusa kitufe cha kuzungusha, kompyuta inakutajia kinabadilisha nini kabla hujakizungusha. Andre Louis, mwanamuziki asiyeona wa London, ni miongoni mwa walioshiriki kuifanikisha kazi hiyo. Katika chuo cha Goldsmiths, mjini humohumo, watafiti walitengeneza Haptic Wave, kifaa chenye kitelezi kinachopanda na kushuka chenyewe chini ya kidole kadiri unavyosogea ndani ya rekodi, ili mawimbi yaguswe badala ya kutazamwa.

Kwa studio zetu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 30 kwamba watu hao wapewe nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya ubunifu, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Ni maneno mazuri. Studio ya kwaya au ya redio ndogo huyatekeleza kwa mambo madogo sana.

Kuipa kila sauti jina, kwa mfano. Kwenye faili zetu sauti zote ziliitwa "Audio 1", "Audio 2", mpaka 14, kwa kuwa tulizitambua kwa rangi. Kubandika alama za kugusika kwenye miksa, hata tone la gundi iliyokauka linatosha, na lebo za nukta nundu kwenye nyaya. Kutotuma picha ya skrini pale maandishi yangetosha. Kutohamisha maikrofoni na vigoda bila kusema. Na kabla ya kununua miksa mpya ya kidijitali ambayo yote ni kioo cha kugusa, kuuliza nani ataweza kuitumia na nani atafungiwa nje. Miksa yenye vitufe vya kushikwa bado zinauzwa. Vivyo hivyo kabla ya kuingiza toleo jipya la programu: mtu anayeitumia kwa kisoma-skrini aulizwe kwanza, na toleo la zamani lisifutwe mpaka aseme ndiyo.

Tulimtafuta yule kijana na kumweleza haya, tukamwomba radhi. Hakuonekana kushangaa kama tulivyotarajia. NVDA alikuwa akiitumia tangu shuleni, alichokosa ni REAPER na mtu wa kumruhusu kukaa kwenye kiti. Siku hizi huja Jumamosi mchana. Jambo la kwanza alilofanya kwenye kompyuta ya maktaba ni kuiongezea kasi sauti ya kisoma-skrini mpaka sisi hatukuweza kushika hata neno moja. La pili, alifungua ule wimbo wetu wa kwaya, akasikia "Audio 1", "Audio 2", "Audio 3", akasimama na kuuliza kwa heshima zote: "Samahani kaka zangu, soprano iko wapi hapa?"

Ilibidi tuwashe skrini na kutafuta.